Okot p'Bitek na Kejeli ya Wimbo: Kutoka Gulu hadi Kisumu

Utangulizi

Fasihi za mataifa mengi zina mshairi ambaye kazi yake kubwa ni kuwacheka watu hadharani ili wajione walivyo. Huko Kashmir, katika karne ya 11, Kshemendra alitunga kwa Kisanskriti tungo za kuwakejeli makarani wala rushwa, waganga waongo, wanajimu na masonara. Pwani ya Afrika Mashariki ilikuwa na Muyaka bin Haji wa Mombasa (1776–1840), ambaye beti zake ziliwachoma mahasimu wa mji wake na kuyachezea mambo ya kila siku ya mitaani. Upande wa bara, katika karne ya 20, nafasi hiyo ilishikwa na Okot p'Bitek, Mwacholi wa kaskazini ya Uganda, ambaye sehemu muhimu ya kazi yake aliifanya mjini Kisumu, kwenye ukingo wa Ziwa Viktoria.

Kati ya Kshemendra na Okot iko tofauti moja inayostahili kuangaliwa tangu mwanzo. Kshemendra aliandika kwa lugha ya wataalamu, na waliokejeliwa na waliosoma walikuwa karibu watu wa tabaka moja. Okot alianza kwa lugha ya kijijini, lugha ambayo wasomi wenzake walikuwa wakiiona haifai kwa mambo mazito. Akamweka mwanamke asiyejua kusoma awe hakimu wa mume mwenye shahada. Kwa hiyo suala la lugha halikuwa pambo katika kejeli yake. Lilikuwa ndilo shina la kesi yenyewe.

Makala haya yanakusudia kueleza maisha ya Okot na kazi zake, na kuonyesha jambo ambalo mara nyingi hupuuzwa madarasani. Wanafunzi wengi hufundishwa kwamba Okot alikuwa mtetezi wa mambo ya kale dhidi ya mambo ya kisasa. Ukweli ni kwamba alichukua desturi hai ya kijiji, yaani desturi ya kumshitaki mkosaji kwa wimbo mbele ya watu, akaitia kitabuni, kisha akaielekeza hatua kwa hatua kwa watu wenye nguvu zaidi.

Maisha na malezi

Okot alizaliwa mjini Gulu mwaka 1931. Baba yake alikuwa mwalimu Mkristo. Mama yake, Lacwaa Cerina, alisifika kwa kuimba, kutunga nyimbo na kucheza ngoma. Elimu mbili hizi, ya darasani na ya uwanja wa ngoma, zilikaa pamoja katika nyumba moja, na mgongano wake ndio uliokuja kuwa maudhui ya maisha yake yote.

Alisoma Gulu High School na baadaye King's College, Budo. Mwaka 1953 alichapisha riwaya kwa Kiacholi, *Lak Tar Miyo Kinyero Wi Lobo*, ambayo jina lake limetokana na usemi kwamba meno meupe ndiyo yanayotufanya tucheke duniani. Riwaya hiyo inamhusu kijana anayekwenda Kampala kutafuta pesa za mahari ili amwoe msichana ampendaye. Kicheko kilicho katika jina lake si cha furaha tupu. Ni kicheko cha mtu anayeficha machungu. Ni dhahiri kwamba tangu kitabu chake cha kwanza Okot alikuwa ameiona njia atakayoifuata.

Mwaka 1956 alikwenda Uingereza akiwa mchezaji wa timu ya kandanda ya Uganda, akabaki huko kusoma. Alisomea ualimu Bristol, sheria Aberystwyth, na elimu ya jamii za watu huko Oxford, ambako mwaka 1963 alipata shahada kwa utafiti wake juu ya nyimbo za jadi za Waacholi na Walango. Katika kitabu chake *African Religions in Western Scholarship* (1970) ameeleza jinsi alivyoudhika mhadhiri alipowataja Waafrika, katika somo la kwanza kabisa, kuwa ni washenzi. Kijana aliyelelewa na mama mtunzi wa nyimbo aliambiwa kwamba mama huyo hana ustaarabu. Hasira iliyozaliwa hapo haikumfanya aache usomi. Ilimfanya autumie usomi kuwahoji wasomi.

Aliporudi nyumbani alifanya kazi ya elimu ya watu wazima huko Gulu, akaanzisha tamasha la sanaa. Mwaka 1966 akawa mkurugenzi wa Jumba la Taifa la Michezo ya Kuigiza mjini Kampala, ambapo alijitahidi kuleta jukwaani ngoma na michezo ya wananchi mahali palipokuwa pamezoea michezo ya kigeni. Mwaka huohuo *Song of Lawino* ilitolewa Nairobi na East African Publishing House. Kazi ya Kampala haikudumu. Okot alikuwa ameikosoa serikali ya nchi yake. Baada ya safari ya Zambia aliondolewa katika wadhifa wake, akahamia Kenya. Hivyo mtu aliyeandika juu ya fedheha ya kufukuzwa nyumbani aliionja yeye mwenyewe.

Kisumu na ukingo wa ziwa

Kisumu ya mwaka 1968 ilikuwa makao makuu ya Mkoa wa Nyanza na bandari ambayo reli kutoka Mombasa iliifikia mwaka 1901. Okot alifika hapo kuendesha masomo ya nje ya chuo kwa niaba ya chuo kikuu cha Nairobi, yaani kupeleka elimu kwa watu wazima ambao hawakupata nafasi ya kukaa chuoni. Kazi hiyo ilimkutanisha na walimu, makarani, wakulima na wavuvi wa magharibi ya Kenya.

Kwa mtu aliyetolewa kwao, Kisumu haikuwa ugenini kabisa. Kiacholi na Kijaluo ni lugha za jamaa moja, ile ya Walwo wa Niloti ya magharibi. Mwacholi asemapo *wer* kwa maana ya wimbo, Mjaluo anaelewa bila kutafsiriwa. Mke kwa Kiacholi ni *dako*, kwa Kijaluo *dhako*. Ng'ombe ni *dyang* kwa mmoja na *dhiang'* kwa mwingine. Maziwa ni *cak* na *chak*, yakitofautiana kwa maandishi zaidi kuliko kwa sauti. Tofauti za lugha hizi mbili ni nyingi pia, na Mwacholi hawezi kuzungumza Kijaluo kwa ufasaha bila kujifunza. Hata hivyo, masikio ya Okot yalikuwa yamekwisha kuzoea mwenendo wa nyimbo za kando ya Ghuba ya Winam kabla hajafika.

Jambo la maana zaidi ni kwamba ukingo wa ziwa ulikuwa na taasisi zake za sifa na dhihaka. Mpigaji wa nyatiti, chombo cha nyuzi nane, huimba msibani na katika karamu. Huwataja watu, huwasifu, na huwachoma pia. Katika desturi iitwayo *pakruok*, msikilizaji hulipa kidogo ili kuusimamisha wimbo, ajisifu au amsifu rafiki kwa maneno ya mafumbo, kisha nyuzi zikaendelea. Hapo wimbo si mali ya mwimbaji peke yake. Ni baraza ambalo kila mtu ana haki ya kusema, na ambalo mtu hawezi kukwepa kusemwa. Kwa Waacholi, ngoma ya vijana iitwayo *orak* ilifanya kazi iliyo karibu na hiyo, kwa kuwa nyimbo zake zilieneza habari za aibu na mapenzi ya watu wa kijijini.

Mwaka 1968 Okot alianzisha Tamasha la Sanaa la Kisumu, kama alivyofanya kwanza Gulu. Mwezi wa Oktoba mwaka huohuo, huko Nairobi, Ngugi wa Thiong'o, Henry Owuor Anyumba na Taban lo Liyong walitoa hoja yao mashuhuri kwamba idara ya Kiingereza ya chuo kikuu iondolewe, na fasihi ya Kiafrika, pamoja na fasihi simulizi, iwekwe katikati ya masomo. Hoja ya Nairobi ilikuwa ya maandishi. Tamasha la Kisumu lilikuwa hoja hiyohiyo ikithibitishwa kwa vitendo, kwa kuwa watu walioitwa wasanii hapo walikuwa wenye ngoma na nyimbo wenyewe.

Nyimbo nne

Kazi za Okot za kishairi zinazojulikana sana ni nne: *Song of Lawino* (1966), *Song of Ocol* (1970), na *Song of Prisoner* pamoja na *Song of Malaya*, zilizotolewa katika kitabu kimoja mwaka 1971 na kupata Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta mwaka 1972. Tatu za mwisho zilichapishwa katika kipindi cha kazi yake ya Kisumu, ambacho kilikatizwa na muda aliokaa katika mpango wa waandishi wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, mwaka 1969 na 1970.

Katika wimbo wa kwanza msemaji ni Lawino, mke wa Ocol. Mumewe amesoma Makerere na amempata mwanamke mwingine, Clementine, ajipambaye kizungu. Lawino hampeleki mumewe mahakamani. Anawaita watu wa ukoo wasikilize. Mbele yao anayachambua mambo ya mumewe moja baada ya jingine: kucheza dansi ndani ya nyumba iliyojaa moshi, kunyoosha nywele, kupikia jiko la kigeni, kufuata saa, dini, majina ya ubatizo, dawa, na siasa za vyama.

Mbinu kubwa ya kejeli hapa ni ujinga wa msemaji. Lawino hajui kusoma saa. Badala ya kuona haya, anaeleza kwamba kwao mtoto hunyonyeshwa anapolia na chakula huliwa kinapoiva. Kwa maelezo hayo ya kawaida kabisa, mtu anayekula kwa sababu mshale wa saa umefika mahali fulani ndiye anayeonekana kichekesho. Mbinu ya pili ni tashbihi za kijijini, ambazo huvuta wanyama, ndege na vyombo vya nyumbani kuwafananisha watu wenye makuu. Ya tatu ni kwamba mwenye kukejeli naye hasalimiki. Lawino anadai kwamba hana wivu, na maneno yake yenyewe yanamsuta. Msomaji anacheka pamoja naye, na wakati mwingine anamcheka yeye.

Hiyo ya tatu ndiyo inayobatilisha fikra kwamba Lawino ni sauti ya mwandishi na kwamba mwandishi anataka kila kitu kirudi kilivyokuwa. Anapofika kwenye siasa, Lawino anasikitika kwamba Ocol na ndugu yake wamegawanywa na vyama viwili, hata ndugu hao hawawezi kuketi pamoja, na ilhali wanaopigania uhuru wamepigana wao kwa wao, njaa na maradhi yamebaki yalipokuwa. Huo si mlalamiko wa mke aliyeachwa. Ni swali ambalo raia yeyote wa nchi iliyopata uhuru katika miaka ya 1960 angeweza kuliuliza.

*Song of Ocol* inampa mume nafasi ya kujibu. Kwa desturi ya mashitaka, mshitakiwa sharti asikilizwe. Lakini Ocol anaposema, anajihukumu mwenyewe: anaitukana Afrika nzima, anataka kila alama ya zamani ifutwe, na anajisifu kwa shamba na mali alizopata baada ya uhuru. Hana la kujenga mahali pa kile anachotaka kubomoa. Kejeli imetoka kwa mume mmoja ikahamia kwa tabaka zima la waliorithi viti vya wakoloni.

Katika *Song of Prisoner* kicheko kimekuwa chembamba sana. Msemaji yuko kifungoni, amefungwa na kupigwa, na maneno yake yanabadilika mara kwa mara hata msomaji asiweze kujua kwa hakika kosa lake ni lipi. Wahakiki wamekihusisha kitabu hiki na mauaji ya Tom Mboya, aliyepigwa risasi Nairobi tarehe 5 Julai 1969 na kuzikwa katika kisiwa cha Rusinga, ndani ya ziwa hilohilo. Tarehe 25 Oktoba mwaka huohuo watu waliuawa kwa risasi mjini Kisumu wakati Rais Kenyatta alipokuja kufungua hospitali mpya, na siku chache baadaye chama cha Kenya People's Union cha Oginga Odinga kikapigwa marufuku. Wimbo huo haukuandikwa kama historia ya matukio hayo. Lakini msomaji wa Nyanza aliyekifungua mwaka 1971 hakuhitaji kuelezwa kwa nini mtu aliye kifungoni aomba aachwe aimbe na kucheza.

*Song of Malaya* inarudisha kicheko kwa nguvu. Mwanamke wa mjini anawakaribisha wateja wake na kuwahutubia wale wanaomshutumu. Kila mwenye heshima anayeinua kidole anakumbushwa kwamba naye alipita mlangoni. Kshemendra naye alipata kuandika kisa cha malaya ili kuufichua mji wake, kitabu kiitwacho *Samayamatrika*. Yaelekea kwamba mtu anayepokea watu wa kila daraja ni shahidi mzuri kwa mkejeli popote alipo. Jina la kitabu cha Okot linastahili kuangaliwa na wanalugha. Kitabu ni cha Kiingereza na mwandishi ni Mwacholi, lakini neno lililochaguliwa ni la Kiswahili, kwa sababu ndilo linaloeleweka katika miji kuanzia pwani hadi ziwani. Mshitakiwa alikuwa jamii yote ya Afrika Mashariki, na hati ya mashitaka ilihitaji neno la wote.

Lugha na tafsiri

Asili ya wimbo wa kwanza ni *Wer pa Lawino*, uliochapishwa kwa Kiacholi mwaka 1969, miaka mitatu baada ya tafsiri yake ya Kiingereza. Neno *pa* ni kiunganishi cha umilikaji, sawa na "wa" katika *Wimbo wa Lawino*, na ndilo lililofupishwa katika jina la mtunzi mwenyewe: p'Bitek, yaani wa Bitek. Utungo wa Kiacholi una vina na mwendo wa wimbo. Wa Kiingereza hauna. Okot alikiri waziwazi, katika ukurasa wa jina la kitabu, kwamba kwa kutafsiri ameipunguzia kazi yake makali na kuviua vina vyake. Aidha, sura ya 14 ya Kiacholi haimo katika Kiingereza chake. Taban lo Liyong, ambaye baadaye alitoa tafsiri yake mwenyewe iitwayo *The Defence of Lawino* (2001), aliandika juu ya sura hiyo iliyoachwa.

Okot alijua vyema jinsi tafsiri inavyoweza kupotoka. Katika uchunguzi wake wa dini ameeleza kisa cha mapadri wa Kitaliano waliowauliza wazee wa Kiacholi ni nani aliyewaumba. Wazee hawakuwa na neno la kuumba kwa maana hiyo. Swali lilipogeuzwa likawa ni nani aliyewafinyanga, wakajibu kwamba watu huzaliwa na mama zao. Waliposhurutishwa, mmoja alikumbuka kwamba mtu anapopatwa na ugonjwa wa kupinda mgongo, husemwa kuwa amefinyangwa na Rubanga. Basi jina la pepo wa vibyongo likawa jina la Mungu wa Wakristo. Lawino katika wimbo wake anauliza maswali ya namna hiyohiyo kuhusu mafunzo ya dini ambayo aliyakariri bila kuyaelewa. Kinachoonekana kuwa mzaha wa mwanamke asiyesoma ni hoja ya mtaalamu wa lugha.

Kwa Kiswahili, *Wimbo wa Lawino* ulitafsiriwa na Paul Sozigwa na kutolewa mwaka 1975. Ulitokea mwaka mmoja baada ya *Kichomi* cha Euphrase Kezilahabi, wakati ambapo mjadala juu ya ulazima wa vina na mizani katika ushairi wa Kiswahili ulikuwa mkali. Hapo pana kinaya. Wimbo uliokuwa na vina kwa Kiacholi ulipita katika Kiingereza ukavipoteza, ukaingia katika Kiswahili kama mfano wa ushairi usio na vina. Wasomaji wa Kiswahili waliojadili uhuru wa mshairi kutokana na kanuni hawakuwa na budi kukumbuka kwamba Lawino mwenyewe, kwa lugha yake, alikuwa mwenye kanuni.

Mwisho wa safari

Mwaka 1971 Okot alihamia Nairobi, katika taasisi ya mafunzo ya Kiafrika ya chuo kikuu. Mwaka huohuo Idi Amin alichukua utawala wa Uganda, na njia ya kurudi kwao ikazidi kuzibika. Katika miaka ya Nairobi alitoa *Horn of My Love* (1974), mkusanyo wa nyimbo za Kiacholi zilizowekwa pamoja na tafsiri zake, zikiwamo za mapenzi, za vita na za maombolezo. Msomaji akiusoma mkusanyo huo baada ya *Song of Lawino* ataona shule ambayo Lawino alisoma. Mwaka 1978 alitoa *Hare and Hornbill*, mkusanyo wa hadithi, na baadaye akafundisha katika Chuo Kikuu cha Ife, Nijeria. Amin alipoangushwa mwaka 1979, Okot alirudi Makerere. Alifariki Kampala tarehe 20 Julai 1982, akiwa na umri wa miaka 51, muda mfupi tu baada ya kuanza kazi ya profesa wa uandishi wa kubuni.

Katika ukingo wa ziwa swali alilolifanyia kazi halikufa. Grace Ogot, mzaliwa wa Nyanza aliyekuwa amejijengea sifa kwa Kiingereza, alitoa *Miaha* kwa Kijaluo mwaka 1983. Asenath Bole Odaga aliandika kwa Kijaluo na kuanzisha shirika la uchapishaji mjini Kisumu. Kazi zao ni tofauti na za Okot kwa namna na kwa makusudi, lakini zinakubaliana naye kwamba lugha ya nyumbani inaweza kuubeba uzito wa kitabu.

Hitimisho

Kejeli ya Okot p'Bitek ilianzia katika ngoma za Waacholi, ikapata ujirani wa nyatiti ukingoni mwa ziwa, na ikapanda kutoka kwa mume hadi kwa waziri, askari jela na mji mzima. Ilimgharimu kazi na miaka mingi ya kukaa nje ya nchi yake. Iligharimu pia vina vyake ilipovuka lugha. Yafaa basi wachunguzi wa fasihi ya Kiswahili waache kumsoma kupitia Kiingereza pekee. Tafsiri ya Kiswahili inayotokana moja kwa moja na *Wer pa Lawino*, yenye sura zote 14 na yenye kujaribu kuvirudisha vina, ingekuwa kazi ya manufaa kwa lugha zote mbili. Na kwa kuwa Kiswahili kina hazina kubwa ya vina, huenda Lawino akapata humo sauti ambayo Kiingereza kilishindwa kumpa.